Liemba: meli ya abiria iliyofungwa mzinga

Nimeulizwa tena wiki hii, eti Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika, ilitengenezwa iwe manowari. Hapana jamani. Mimi ni fundi mitambo wa meli, na hii ilijengwa na Meyer Werft kule Papenburg, Ujerumani, 1913, ibebe abiria na mzigo, basi. Ikafunguliwa vipande vipande, makasha kama 5,000, ikaja kwa bahari hadi Dar, ikapanda treni ya reli ya kati iliyokuwa ndo kwanza imefika Kigoma, alafu mafundi watatu wa kiwandani wakiongozwa na Anton Rüter wakaiunga upya ribiti kwa ribiti. Vita ya Kwanza ya Dunia ikawakuta kazini. Februari 1915 ikashushwa majini kwa jina la Graf von Götzen, yule gavana wa enzi za Maji Maji.

Sasa mzinga. Königsberg, manowari ya Kijerumani, ilipokwisha kule Rufiji Julai 1915, Wajerumani waliiopoa mizinga yake ya milimita 105 na mmoja ukafungwa kwenye Götzen, na kwa ziwa lile ukiwa na kitu kama hicho nani akusogelee? Hata Spicer-Simson, afisa Mwingereza aliyevuta boti zake mbili zilizoitwa Mimi na Toutou, kupitia Kongo, aliiona Götzen akaiacha ipite. Ila watu wanasahau kwamba 1916 von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, aliutaka mzinga ule nchi kavu, wakaung'oa, wakaweka wa mbao. Kanyaboya!

Wabelgiji walipokaribia, amri ikatoka izamishwe, Julai 26, 1916. Hapa ndo napopapenda mimi. Walewale walioiunga hawakuilipua: injini na boila walizipaka grisi nene, meli wakaijaza mchanga, wakaizamisha karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Chuma kinaliwa pale maji na hewa vinapokigusa kwa pamoja, ukikifunika grisi umevizuia vyote viwili, na bahati nzuri Tanganyika ni maji baridi, haina chumvi ya kuharakisha kutu. Yaani wale jamaa walikuwa wanaiweka stoo.

Wabelgiji wakaiopoa ikazama tena, Waingereza wakaitoa 1924 wakakuta injini na boila bado zinafaa, na Mei 1927 ikarudi kubeba abiria, sasa ndo Liemba. Mvuke ulitolewa miaka ya 1970 ikawekwa dizeli, hivo anayekwambia kapanda Liemba ya mvuke muulize kwanza kazaliwa lini.