Utani Una Mtani Wake: Walimu Wanavyoweza Kuzungumza Ubaguzi wa Rangi Shuleni

Hadi Uhuru, shule za Tanganyika zilitengwa kwa rangi: za Wazungu, za Wahindi, za Waafrika. Mfumo mmoja ulianza Januari 1962. Mkwawa ya Iringa, iliyojengwa kama shule ya watoto wa Kizungu na ambayo leo ni chuo kikuu kishiriki, na Azania ya Dar es Salaam, iliyoanza kama shule ya Wahindi, zilifunguliwa kwa wanafunzi wa rangi yoyote. Sheria ilimaliza kazi yake mlangoni. Yanayosemwa ndani ya darasa yamebaki mikononi mwa walimu.

Chukua tukio la kawaida. Kidato cha pili, mwanafunzi mwenye asili ya Kihindi amekosea hesabu ubaoni. Sauti ya nyuma inasema, "Rudi kwenu Bombay!" Darasa linacheka, mwalimu anatabasamu, kipindi kinaendelea. Au mtoto mweusi sana anaitwa "Lami" mpaka jina linamganda, na siku moja mwalimu wa zamu naye analitumia kwenye mstari wa asubuhi.

Akiulizwa, mwalimu atajibu kwamba huo ni utani tu. Jibu hili lisipuuzwe, maana utani ni mila yetu ya kweli. Lakini utani una masharti. Mzaramo na Mnyamwezi wanataniana kwa sababu kila mmoja ana haki ya kurudisha, na wote wanajua mpaka uko wapi. Mtoto aliye peke yake wa rangi yake kati ya wenzake 45 hana mtani. Anachekwa na wengi, na hana cha kuwarudishia.

Ndiyo maana mazungumzo yaanzie ofisi ya walimu, kabla ya kuwahutubia wanafunzi. Saa moja baada ya vipindi inatosha, kwa walimu 8 hadi 12. Shule kubwa igawanye makundi. Mwalimu wa malezi aongoze. Mkuu wa shule awepo, lakini azungumze mwisho, kwani akianza yeye wengine watakubaliana naye tu na kikao kitakuwa kimekufa.

Msianze na swali "Je, sisi ni wabaguzi?" Kila mtu atajitetea. Anzeni na tukio moja la shule yenu, lililoandikwa kwa mistari mitatu bila majina: nini kilisemwa, nani walisikia, mwalimu alifanya nini. Dakika tano za kwanza kila mmoja aandike kimya kimya mtoto alisikia nini, na darasa lilijifunza nini kutokana na ukimya wa mwalimu. Kisha kila mmoja apewe dakika mbili bila kukatizwa. Ubishi ukizuka kama huo ni ubaguzi kweli, someni Ibara ya 13(5) ya Katiba, inayotaja utaifa, kabila, pahala mtu alipotokea na rangi.

Robo saa ya mwisho ni ya kukubaliana mtasema nini neno lile likisikika tena. Sentensi iwe fupi: "Hapa hatumwiti mtu kwa rangi yake. Mwite jina lake." Itamkeni kwa sauti, mmoja baada ya mwingine. Inaonekana kama jambo dogo, lakini mwalimu ambaye hajawahi kuitamka ataimeza mbele ya darasa linalocheka.

Kikao kijacho kitazame kanuni za shule, hasa nywele. Kama mwenye nywele za kipilipili analazimika kunyoa huku mwenye singa akiruhusiwa kusuka, shule yenyewe imesema nywele zipi ni uchafu. Hapo hakuna mwanafunzi wa kuadhibu. Kanuni ibadilishwe iwe moja kwa wote, na bodi ya shule iarifiwe.

Kosa linaloharibu vikao vingi ni kumgeukia mwalimu pekee mwenye asili ya Kiarabu au Kihindi na kumwambia, "Wewe tuambie, mnajisikiaje?" Anageuzwa msemaji wa watu wote wa rangi yake, na kikao kijacho atakuwa na udhuru. Kosa jingine ni kukimbilia fimbo. Aliyechapwa huliacha neno mbele ya mwalimu na kulipeleka bwenini, tena safari hii na kisasi ndani yake. Aitwe faraghani, aeleze mwenyewe alichosema, na mzazi wake ajue.

Wekeni daftari la matukio kwa mwalimu wa malezi: tarehe, mahali, maneno yenyewe kama yalivyotamkwa (msiandike "lugha chafu"), hatua iliyochukuliwa. Baada ya wiki mbili mwalimu amwulize mtoto aliyeumizwa, akiwa peke yake, kama neno limekoma. Akisema bado, tukio hilo ndilo ajenda ya kwanza ya kikao kinachofuata.