Kabla ya SACCOS kulikuwa na tanuri: kisa cha Weyerbusch

Ninapofundisha wajumbe wapya wa kamati za mikopo, huwa naanza kwa swali la uchokozi: mnadhani chama cha kuweka na kukopeshana cha namna hii, SACCOS kama yetu, alikianzisha nani? Wengi husema walimu, wengine wafanyabiashara, wachache husema wamisionari. Aliyekaribia kuliko wote ni mama mmoja wa nyuma kabisa: "Atakuwa mtendaji wa kijiji aliyechoka kuombwaombwa." Darasa lilicheka. Mimi nilimpa maksi zote.

Kijiji cha mtendaji huyo kinaitwa Weyerbusch. Kipo magharibi ya Ujerumani, kwenye vilima vya Westerwald, kando ya barabara ya zamani ya kutoka Köln kwenda Frankfurt. Wakazi wake leo hawazidi sana 1,500. Westerwald ya karne ya 19 ilikuwa nchi ya baridi, ardhi yake haba, na wakulima wake walikuwa na vishamba vidogo vya kulia viazi na nafaka kidogo. Eneo la Weyerbusch lilikuwa chini ya ufalme wa Prussia.

Mwaka 1845 serikali ilimpeleka huko kijana mmoja, Friedrich Wilhelm Raiffeisen, mzaliwa wa Hamm, mji mdogo wa jirani. Alikuwa ametoka jeshini miaka miwili nyuma kwa sababu ya ugonjwa wa macho. Cheo alichopewa ni Bürgermeister, neno ambalo vitabu vyetu hulitafsiri "meya", na hapo ndipo tunapopotezwa. Hakuchaguliwa na mtu. Alikuwa mtumishi wa serikali aliyepangiwa kituo, akasimamia vijiji 22 kutoka Weyerbusch: kodi, njia, shule, maskini, kila kitu juu ya meza yake. Ukitaka kumwelewa, mfikirie ofisa tarafa wa zamani aliyeletwa na barua, si meya mwenye mkufu shingoni.

Mwaka uliofuata viazi vikaoza shambani kwa ugonjwa uleule wa bakajani uliokuwa ukiiua Ireland, na nafaka nayo ikapungua. Majira ya baridi ya 1846 kuingia 1847 yalikuwa ya njaa tupu. Serikali ilileta unga, lakini kwa sharti kwamba uuzwe kwa fedha taslimu. Sasa mtu aliyekwisha kuuza kila alichonacho atatoa wapi fedha taslimu? Raiffeisen aliligawa shehena lile kwa mkopo, kinyume cha agizo. Aliwaita wenye uwezo wa eneo lile wachange fedha na kumuunga mkono, na mwenye njaa akachukua mkate kwa ahadi ya maandishi kwamba atalipa baadaye.

Wakaunda chama cha mkate, wakanunua nafaka wenyewe, na wakajenga tanuri la jamii. Watu hupenda kuruka hili la tanuri, na mimi nadhani ndilo kiini. Unga peke yake haushushi bei ya mkate ikiwa bado unamtegemea mwokaji wa mjini, na kila nyumba kuwasha tanuri yake ni kuni na siku nzima kupotea. Tanuri moja kwa watu wote lilifanya mkate wa chama uwe nafuu kuliko wa sokoni. Kisha chama kikasaidia kupata mbegu za viazi, ili mwaka unaofuata watu wasirudi tena mlangoni. Kijiji kimelijenga upya jengo la tanuri lile, na lipo hadi leo kama kituo cha kumbukumbu.

Lakini sikiliza vizuri: hiki hakikuwa ushirika. Kilikuwa sadaka iliyopangwa vizuri. Walioweka fedha walikuwa watu wengine, waliokula walikuwa watu wengine. Raiffeisen mwenyewe alihitaji miaka mingine 17 na vituo viwili zaidi kulitambua hilo.

Mwaka 1848 alihamishiwa Flammersfeld, na huko shida ilikuwa ng'ombe. Mkulima asiye na fedha alipewa ng'ombe na mfanyabiashara, akamlisha na kumnenepesha, lakini mwenye mali alibaki yule yule aliyempa, na siku yoyote akikwama kulipa mnyama aliondoka na deni likabaki. Wasomaji wa Dar hamhitaji maelezo zaidi, kausha damu, mikopo ya riba ya kunyonya, mnaijua. Mwishoni mwa 1849 watu 60 wenye mali wakakubali kudhamini kwa pamoja, kwa mali zao zote, fedha za kuwanunulia wakulima mifugo, walipe kidogo kidogo kwa miaka mitano. (Niseme na jambo lisilopendeza, kwa kuwa mabango ya maadhimisho hulificha: katika masimulizi ya wakati ule "mla riba" mara nyingi ilikuwa njia ya kuwanyooshea kidole wafanyabiashara Wayahudi, na Raiffeisen naye aliandika maneno ya chuki ya namna hiyo. Mfumo wake ninaufundisha. Hilo la chuki sifundishi kwamba halikuwepo.)

Kituo cha tatu kilikuwa Heddesdorf, kando ya mto Rhine, kuanzia 1852. Alianzisha chama cha hisani chenye malengo mengi mno: watoto walioachwa, wafungwa waliotoka gerezani, maktaba, na mikopo. Malengo yakaanguka moja moja, ikabaki mikopo. Na wale matajiri wakachoka. Kwa nini wasichoke? Dhamana ni yao, faida si yao, na mkopaji hana cha kupoteza chama kikifa.

Mwaka 1864 chama kiligeuzwa kuwa chama cha mikopo, na kanuni ikapinduliwa: anayetaka kukopa lazima awe mwanachama, na kila mwanachama, maskini kwa tajiri, anabeba madeni ya chama kwa mali yake yote. Hapo ndipo chama cha Raiffeisen kilipogeuka kuwa kitu tunachokiita ushirika wa mikopo. Kanuni nyingine zote zinatoka humo kama maji. Eneo liwe dogo, parokia moja au mbili, kwa sababu huwezi kumdhamini mtu usiyejua kama shamba lake limepaliliwa. Viongozi wasilipwe, isipokuwa mhasibu. Ziada iingie kwenye mfuko wa akiba usiogawanywa, ili asitokee mjanja wa kukivunja chama wagawane. Mkopo uwe wa kuzalisha. Nilipoanza kazi nilidhani haya ni maadili ya kikanisa tu. Nilipoona chama kimoja kikizama kwa mikopo chechefu, yaani isiyolipwa, ya watu ambao hakuna mjumbe aliyewahi kufika kwao, nilianza kuyasoma kama kanuni za uhasibu.

Mwaka 1865 alistaafu kwa sababu ya afya, akiwa na miaka 47. Macho yalikuwa karibu yameisha, na binti yake Amalie ndiye aliyemwandikia na kumsomea hadi alipofariki mwaka 1888. Mwaka uliofuata sheria ya Ujerumani ikaruhusu dhamana yenye kikomo, na hiyo ndiyo tuliyorithi sisi: ukiharibikiwa leo unapoteza ulichoweka chamani, si nyumba. Mfumo ulipita India, ambako Waingereza waliutungia sheria mwaka 1904, na Tanganyika ikapata sheria yake ya ushirika mwaka 1932. KNCU, muungano wa vyama vya wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ulifuata mwaka 1933.

Na Weyerbusch yenyewe? Ina baraza la kijiji la wajumbe 16 linalochaguliwa kila miaka mitano, na Bürgermeister wa leo huchaguliwa na wananchi na hana mshahara, ana posho tu, kama mwenyekiti wa kijiji kwetu. Watumishi wa kulipwa, shule ya msingi, maji na zimamoto viko ngazi ya juu, kwenye muungano wa vijiji. Tangu Januari 2020 muungano huo unaitwa Altenkirchen-Flammersfeld, maana yake vituo viwili vya kwanza vya Raiffeisen sasa viko chini ya ofisi moja. Heddesdorf ilimezwa na mji wa Neuwied tangu 1904. Nayo njia aliyoihangaikia ijengwe, ya kuteremka kutoka vilimani hadi Rhine ili mazao yafike sokoni, inaitwa kwa jina lake.

Zoezi langu la siku ya kwanza halijabadilika kwa miaka. Ghala lina unga, barua ya serikali inasema taslimu, na watu wako mlangoni. Kamati ikae, iamue, na kila mjumbe aweke sahihi yake chini ya uamuzi. Huwa natoa dakika 20. Bado sijapata kamati iliyomaliza kabla ya chai.