Geini si volyumu

Juzi iliingia gari, Toyota IST, yenye sabufa ya inchi 12 kwenye buti. Mwenyewe akasema, "Fundi, besi ipo, ila wimbo hausikiki." Nikawasha redio: pleti namba inatetemeka, sauti ya mwimbaji imemezwa yote. Kwenye amplifaya, geini ilikuwa imezungushwa hadi mwisho, na kitufe cha kuongeza besi vilevile.

Naliona hili karibu kila wiki, na linaniuma kwa sababu sabufa nzuri zinauawa bure. Kazi ya geini ni kuoanisha umeme wa sauti unaotoka redioni na amplifaya inayoupokea. Redio inayotoa volti 4 inataka geini ndogo kuliko ya volti 2. Ukipitiliza, amplifaya inaanza kukata vilele vya mawimbi: sauti inakwaruza, koili (waya uliosokotwa ndani ya spika) inapata joto, mwisho inaungua. Harufu yake ukiinusa mara moja huisahau.

Mimi huanza kwa kurudisha ikwalaiza sifuri na kuzima nyongeza zote za besi. Nachomoa waya za sabufa, naweka redio robo tatu ya volyumu, napiga toni ya hezi 50, kisha napima kwa mita ya umeme, nimeiweka kwenye volti za AC, pale kwenye amplifaya zilipotoka waya. Amplifaya ya wati 300 kwa sabufa ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme): zidisha 300 kwa 4, tafuta kipeuo cha pili, unapata volti 34.6. Zungusha geini polepole hadi mita isome hapo, usiiguse tena.

Halafu filta, inayogawa sauti nzito na nyembamba kwa spika zake. Sabufa naipa hezi 80 kushuka chini, spika za milangoni 80 kupanda juu. Wengi wanairuka hatua hii, kumbe ndiyo inayomrudisha mwimbaji: spika ya mlango ikitolewa mzigo wa besi nzito, sauti yake haipasuki tena.

Kujaribu, napiga muziki wa dansi. Uzi mnene wa gitaa la besi usipobanwa hutoa hezi kama 41, na okteva moja juu yake ni 82, palepale sabufa inapowaachia spika za milangoni kazi. Noti zikipanda na kushuka kwa uzito uleule, mambo safi. Moja ikivuma na inayofuata ikapotea, kaa kiti cha dereva, mtu abadilishe swichi ya fezi (inayogeuza sabufa isukume hewa au ivute) kutoka 0 kwenda 180, uache pale besi inapojaa zaidi.

Kwenye IST ile ilikuwa 180. Besi ikatoka buti ikaja mbele, kama inapigwa juu ya dashibodi. Nikapunguza kiwango cha sabufa kidogo kwenye redio, bila kugusa geini, maana gari dogo likifungwa vioo huongeza besi za chini lenyewe.

Nikarudia wimbo uleule. Jamaa akasikiliza beti mbili kimya, kisha akauliza kama sabufa nimeizima. Nikamwambia aende nyuma aweke kiganja juu ya boksi.