Je, wajua? "Very" ya Kiingereza ilikuwa "kweli"

Anayejifunza Kiingereza huambiwa mapema kwamba "very" ni "sana": very good, nzuri sana. Halafu siku moja anakutana na "this very house", anakwama. Nyumba hii sana? Hapana, maana yake ni nyumba hii hii, yenyewe hasa. Walimu wengi huliruka hilo haraka wakisema ndivyo Kiingereza kilivyo, kumbe hapo ndipo historia ya neno ilipojificha.

Tuanzie Roma. Kilatini kilikuwa na verus, yaani -a kweli, na verax, msema kweli. Kutokana na hilo la pili, Kifaransa cha kale kikapata verai, ambalo Wafaransa wa leo wamelibana likawa vrai. Mwaka 1066 Wanormandi, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, walivuka bahari wakaiteka Uingereza, na kwa vizazi kadhaa wakubwa wa nchi wakawa wanazungumza Kifaransa. Wananchi wakayaokota maneno yao, likiwemo hili, wakalitamka verray. Bado lilikuwa kivumishi: rafiki verray alikuwa rafiki wa kweli, si wa mdomoni.

Mshairi Geoffrey Chaucer, mwishoni mwa karne ya 14, anamsifu askari mmoja wa farasi kuwa ni "a verray, parfit gentil knyght". Jicho la leo linasoma "kamili sana". Lakini verray hapo ni sifa inayojitegemea: askari wa kweli, kamili, muungwana.

Sasa "kweli" iligeukaje "sana"? Kwa Mswahili hili wala si fumbo. Ukionja chai ukasema "tamu kweli!", huli kiapo, unasema utamu umezidi. Waingereza walifanya vivyo hivyo, na kufikia karne ya 15 neno lilikuwa limeshakaa mbele ya vivumishi kutia mkazo. Kabla yake kazi hiyo ilifanywa na swithe, lililotokana na neno lenye maana ya nguvu, ambalo leo hakuna anayelikumbuka. Truly na really nayo yamepita njia hiyo hiyo ya ukweli.

Wajerumani walipitia kwenye maumivu. Sehr, "sana" yao, zamani lilimaanisha kwa uchungu, nalo ni ndugu wa sore, neno la Kiingereza la kidonda. Usiwacheke: na sisi husema "nimechoka vibaya".