Fidla Kutoka Utotoni Hadi Uzeeni: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

"Mnunulie kubwa, atakua nayo."

Hili ndilo kosa ghali kuliko yote, na hufanywa kwa nia ya kubana matumizi. Sare ya shule unaweza kununua kubwa ukaikunja pindo. Fidla haikunjwi. Mtoto akipewa iliyomzidi, kiwiko cha kushoto hunyooka, kiganja hulalia shingo ya fidla, kidole kidogo hakifiki kwenye uzi, na mkono wa kulia hauwezi kuufikisha upinde nchani bila kuupinda. Miezi michache ikipita, yote hayo yameshakuwa tabia, na mwalimu atakuwa na kazi ya kubomoa kabla ya kujenga.

Fidla hutengenezwa kwa vipimo: 1/16, 1/10, 1/8, 1/4, 1/2, 3/4 na 4/4. Majina yasikuchanganye, kwani nusu si nusu ya urefu. Kasha la fidla kamili, yaani mwili wake wa mbao bila shingo, ni sentimita 35.5 hivi, la 3/4 ni kama 33.5, la 1/2 ni 31 na la 1/4 ni 28. Kumpima mtoto hakuhitaji hata tepu. Aiweke fidla begani, apeleke mkono wa kushoto chini yake, kisha akikumbatie kichwa cha fidla kwa vidole. Vidole vikikizunguka huku kiwiko kimekunjika kidogo, inamfaa. Ikiwa hakifikii mpaka anyooshe mkono wote, teremka kipimo kimoja. Anayeanza na miaka mitano atabadilisha mara kadhaa kabla ya kufika 4/4, kwa hiyo kukodi au kupokezana na familia nyingine kuna maana zaidi kuliko kununua.

Kila akipanda kipimo, atapiga nje ya sauti kwa wiki kadhaa. Asikaripiwe. Kwenye 1/2, toni ya kwanza hupatikana kama milimita 31 kutoka mwanzo wa ubao wa vidole; kwenye 4/4 ni milimita 36. Vidole vinakumbuka nyumba ya zamani. Vibandiko vyembamba kwenye ubao vinasaidia hapa, na wanaoviita udanganyifu wamesahau walivyojifunza wenyewe. Viondolewe kimoja kimoja sikio likishashika usukani.

"Asipoanza na miaka mitatu, amechelewa."

Shinichi Suzuki wa Japani, ambaye njia yake ndiyo iliyowazoesha watu kuona watoto wadogo wameshika fidla, mwenyewe alianza akiwa na miaka 17, tena kwa kujifundisha. Stéphane Grappelli, mpigaji fidla wa jazi aliyezaliwa Paris mwaka 1908, alipata fidla ya 3/4 akiwa na miaka 12. Baba yake aliweka suti yake rehani ili ainunue. Aliendelea kupiga katika miaka ya themanini ya umri wake na kufariki mwaka 1997.

Kuanza mapema kuna faida, hasa kwa sikio. Ila mtoto wa miaka minne hutulia dakika 10 tu, na anahitaji mtu mzima pembeni yake kila siku. Pasipo mtu huyo, afadhali asubiri afike saba au nane.

"Fidla inakwaruza kwa sababu hana kipaji."

Kabla ya kumhukumu mtoto, kagua chombo. Singa mpya za upinde zisizopakwa rozini, utomvu mkavu wa msonobari, hazitoi sauti kabisa, maana huteleza juu ya uzi bila kuung'ata. Rozini mpya nayo huwa na uso wa kioo, hivyo ikwaruze kidogo kwa msasa laini kwanza. Singa mpya zipakwe mara 30 au 40 kwa urefu wote wa upinde, baada ya hapo mara nne au tano kwa siku zinatosha. Ukiona unga mweupe umetanda chini ya nyuzi, umezidisha. Kaza upinde mpaka nafasi kati ya mti na singa, katikati, iwe unene wa penseli, na uulegeze kila ukimaliza.

Kisha tazama daraja, kibao chembamba kinachoziinua nyuzi juu ya kasha. Kila unapokaza nyuzi, huvutwa kidogo kuelekea kwenye ubao wa vidole, siku moja likaanguka. Upande wake unaotazama kishikia nyuzi usimame wima. Kwenye fidla kamili, mwishoni mwa ubao wa vidole, uzi wa mi, ule mwembamba kuliko yote, uwe juu kwa milimita 3.5 hivi na wa soli, ule mnene kuliko yote, 5.5. Fidla nyingi za bei nafuu huja na daraja refu mno, na mtoto hubonyeza mpaka vidole vikachorwa alama. Fundi hulipunguza kwa muda mfupi. Nyuzi zibadilishwe mmoja mmoja. Ukizilegeza zote kwa pamoja, kijiti cha sauti kilichosimama ndani bila gundi huanguka, na kukirudisha kunahitaji kifaa maalumu na subira.

Pwani, unyevu huvimbisha vigingi vya kukazia nyuzi vikagoma kuzunguka, na gundi ya ngozi inayoshika kasha huachia pembeni. Bara penye ukavu, vigingi hivyo hivyo huteleza. Kinachokwama kipakwe sabuni kavu ya mche, kinachoteleza kipakwe chaki. Na fidla isiachwe ndani ya gari juani hata kwa nusu saa.

Mengine ni mepesi. Anayetumia mkono wa kushoto hujifunza kama wengine, kwani mikono yote miwili ina kazi ngumu. Lebo ya Stradivari, fundi maarufu wa fidla wa Italia, iliyobandikwa ndani si ushahidi wa chochote, maana viwanda vya Ulaya vilizichapa kwa wingi kwa ajili ya fidla za kawaida.

"Maumivu ni dalili ya bidii."

Ncha za vidole kuwa ngumu ni kawaida. Shingo, taya, bega au kifundo cha mkono kuuma si kawaida katika umri wowote. Mara nyingi kipumzisho cha kidevu ni kifupi, mpigaji akaziba nafasi kwa kuinua bega. Dakika 20 mara mbili kwa siku, zikianza na mipinde ya polepole kwenye nyuzi tupu, hujenga kuliko saa nzima ya kukaza meno.

"Vidole vikikakamaa, fidla itundikwe ukutani."

Hapa wazee wengi hujinyima bure. Asubuhi vidole huwa vigumu zaidi, basi piga alasiri. Fundi ashushe daraja kidogo, na nyuzi za mvuto mwepesi zichukue nafasi ya zile kali. Kuna njia nyingine ya kulinganisha sauti za nyuzi ambayo wapigaji wa Misri na nchi nyingi za Kiarabu wanaitumia kwa sababu zao za kimuziki: soli, re, soli, re, badala ya soli, re, la, mi. Nyuzi mbili za juu zikishushwa toni moja, mvuto wake hupungua kwa karibu asilimia 20, na kidole huhisi mara moja.

Upinde ukitetemeka, ushike sentimita tatu au nne juu ya mahali pa kawaida, kama wafanyavyo watoto wanaoanza. Utakuwa mwepesi mkononi. Piga umekaa kwenye kiti kigumu kisicho na mikono. Miwani ya kusomea hulenga sentimita 40 hivi, ilhali karatasi ya noti huwa mbali zaidi, 60 au 70. Agiza miwani ya umbali huo, kwani ile inayounganisha maono ya mbali (juu) na ya karibu (chini) katika kioo kimoja humlazimisha mtu kuinua kidevu na fidla ikaponyoka.

Sikio la kushoto liko karibu kabisa na chombo, na ndilo huchoka kwanza. Kizibo chepesi upande huo kiwe mazoea tangu ujana. Mwenye kifaa cha kusikia amwombe mtaalamu amwekee programu ya muziki, kwa kuwa ile ya mazungumzo huipotosha sauti ya fidla.

Na kama bega haliinuki tena kama zamani, kipo kipimo ambacho hakimo kwenye orodha ya watoto: 7/8, kasha la sentimita 34 na kidogo. Tofauti ni sentimita moja tu, lakini mkono wa kushoto unakaa karibu zaidi na mwili, na kidole kidogo kinafika tena.