Camaro Z/28 ya 1969: usiamini namba kabla ya kuusoma uso wa chuma

Ukiniletea Chevrolet Camaro ya 1969 na kuniambia ni Z/28 halisi, yaani toleo la Camaro lenye nguvu zaidi kwa mbio, siangalii nembo wala mistari ya rangi kwenye boneti. Hivyo vinauzwa madukani. Hata namba ya chasi haitoshi: mwanzo wake, 124379, unasema tu kwamba ni Camaro ya milango miwili, injini V8, ya mwaka 1969. Herufi inayofuata ni kiwanda, N kwa Norwood, Ohio, au L kwa Los Angeles. Z/28 haimo, ndiyo maana Camaro nyingi za kawaida zimevalishwa sura yake.

Naenda kwenye injini. Mbele ya silinda hedi ya kulia, bloku, yaani mwili mkuu wa injini, ina sehemu ndogo bapa yenye mhuri. Z/28 ya mwaka huo ilitoka na injini ya inchi za ujazo 302, na mhuri wake huishia na DZ. Chukua V0114DZ: V ni kiwanda cha Flint, 0114 ni Januari 14. Nyuma ya bloku, karibu na gia boksi, kuna tarehe ya siku chuma kilipomiminwa. A 8 9 ni Januari 8, 1969. Chuma kwanza, injini baadaye, gari mwisho. Kama kibati cha bodi kimeandikwa 01B, yaani wiki ya pili ya Januari, injini iliyoundwa Februari haikuzaliwa na gari hilo.

Wengi huishia hapo, na walaghai wanalijua hilo. Namba hugongwa upya kwa nyundo. Kazi ngumu ni kuuiga uso wenyewe wa sehemu hiyo bapa. Kiwandani, mashine ilikwangua uso huo kwa urefu wa bloku na kuacha mistari myembamba iliyonyooka, sambamba na krankishafti. Bloku ikichongwa upya kwa fundi, mistari hiyo hufutika. Safisha kwa thina na brashi laini, kamwe usitumie msasa, kisha mulika tochi kutoka ubavuni. Namba kali juu ya uso laini usio na mistari hunifanya nisimamishe mazungumzo ya bei papo hapo.

Tafuta pia namba inayoanza na 19N au 19L, kwenye sehemu hiyo bapa au jirani na filta ya oili. Tarakimu sita zinazofuata ni za gari lenyewe. Zilinganishe na zile zilizogongwa kwenye bodi, nyuma ya boksi la hita. Huko walaghai wengi hawafiki.

Ukikuta mhuri wa CE, usikate tamaa. Hiyo ni bloku ya badala iliyotolewa na Chevrolet. Mimi naiheshimu kuliko DZ ya kughushi, na nikiwa narejesha gari la namna hiyo, CE naiacha ilivyo na kumwandikia mnunuzi wazi.