Mtoto hujifunzaje kutambua anachokiona? Maswali na majibu

Swali: Mtoto akizaliwa, si anaona tayari?

Anaona, ila kwa ukungu. Kinachomjia vizuri zaidi ni kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30, ambao ndio umbali wa uso wa mama anaponyonyesha. Na hazaliwi mtupu kabisa: saa chache tu baada ya kuzaliwa, mtoto hufuata kwa macho mchoro unaofanana na uso kuliko mchoro uleule uliovurugwa. Lakini jicho kazi yake ni kupokea mwanga na kuugeuza kuwa ishara. Kusema "hiki ni kikombe" au "huyu ni baba" ni kazi ya ubongo, na ubongo huijifunza kwa kuona.

Swali: Imejulikanaje kwamba ubongo hujifunza kuona?

Majaribio yaliyofungua njia yalifanywa na David Hubel na Torsten Wiesel huko Marekani katika miaka ya 1960. Walifumba jicho moja la paka mchanga kwa miezi michache ya mwanzo, kisha wakalifumbua. Jicho lenyewe lilikuwa zima. Ila katika eneo la ubongo linalohusika na kuona, karibu seli zote zilikuwa zikiitikia jicho la pili tu. Walipofanya hivyohivyo kwa paka mkubwa, hakuna kilichoharibika.

Maelezo yake ni kwamba macho mawili hugombea nafasi ubongoni tangu mwanzo. Jicho lisiloleta habari hunyang'anywa nafasi yake na mwenzake, na muda huo wa utotoni ukishapita ni vigumu sana kuirudisha. Kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1981, nayo ndiyo sababu madaktari wa macho leo huharakisha matibabu ya watoto wachanga badala ya kusubiri wakue.

Swali: Na kutambua nyuso, nako ni kujifunza?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo, na hapa pananivutia kuliko pengine pote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba mtoto wa miezi sita huweza kumtofautisha nyani mmoja na mwingine kwa sura. Akifika miezi tisa, uwezo huo umempotea, kama ulivyotupotea sisi watu wazima. Kwa nini aupoteze? Kwa sababu nyuso anazokutana nazo kila siku ni za watu, na ubongo wake umejinoa kwa hizo. Watafiti walirudi na swali jingine: je, akiendelea kuonyeshwa nyani? Wazazi wakawa wanawaonyesha watoto picha za nyani katika kitabu, kila nyani na jina lake. Watoto hao walipofika miezi tisa, bado waliwatofautisha.

Jambo hilohilo hutokea kwa nyuso za watu wa asili mbalimbali. Mtoto wa miezi mitatu huzitofautisha zote, wa miezi tisa hubaki na zile alizozoea. Kwa hiyo mtu anayesema watu wa bara fulani "wote wanafanana" anaeleza utoto wake, haelezi sura zao. Na mlango huo haufungwi moja kwa moja: Wakorea waliolelewa na familia za Kifaransa tangu walipokuwa na umri wa kati ya miaka mitatu na tisa walipopimwa ukubwani, walizitambua nyuso za Kizungu vizuri kuliko za Kiasia.

Mwaka 2017 watafiti wa Harvard walieleza habari za nyani waliolelewa bila kuona uso wowote, kwani walezi wao walivaa vifuniko vya uso vya wachomeleaji. Nyani hao hawakupata yale maeneo ya ubongo yanayoshughulikia nyuso. Ya kushughulikia mikono walikuwa nayo, maana mikono waliiona kila siku.

Swali: Mtoto aliyezaliwa haoni, akitibiwa baadaye ataona kama wengine?

Inategemea umri. Kuna watoto wanaozaliwa na ugonjwa wa mtoto wa jicho, yaani lenzi yenye ukungu. Vijana waliofanyiwa upasuaji wakiwa na miezi miwili hadi sita walipimwa miaka mingi baadaye. Walitambua macho au mdomo tofauti, lakini walishindwa kuona tofauti ndogo za nafasi kati ya macho, pua na mdomo. Miezi hiyo michache tu iliacha alama.

Mike May wa Marekani alipofuka akiwa na miaka mitatu, akarudishiwa kuona mwaka 2000 akiwa na miaka 46. Rangi na mwendo wa vitu aliviona, ila nyuso ziliendelea kumshinda.

Hata hivyo, kuchelewa si sababu ya kukata tamaa. Nchini India, watoto wakubwa waliotibiwa upofu wa kuzaliwa hawakuweza mwanzoni kutambua kwa macho kitu walichokuwa wamekipapasa kwa mkono, lakini ndani ya siku chache baadhi yao walikuwa wameanza kuweza.

Swali: Je, nimnunulie mtoto picha maalumu za kunoa macho?

Hapana. Nyuso za watu wanaompenda na vitu vya kawaida vinamtosha.

Swali: Mwanangu ana makengeza. Naambiwa yataondoka akikua.

Ushauri huo huniuma, kwa sababu unatolewa kwa nia njema na unapoteza muda usiorudi. Katika miezi mitatu au minne ya kwanza macho yanaweza kupishana mara mojamoja. Baada ya hapo, makengeza yanahitaji daktari wa macho. Ubongo hupuuza jicho lililopinda, nalo huwa jicho zembe: zima kwa nje, lakini halioni vizuri hata kwa miwani. Matibabu ni miwani, kuziba jicho zuri kwa saa kadhaa kwa siku, au matone ya dawa yanayolififisha hilo zuri ili zembe lifanye kazi. Hufaa zaidi kabla ya miaka saba, ingawa wakubwa nao hunufaika.

Mboni ikionekana nyeupe, hata kwenye picha ya simu, usisubiri: yaweza kuwa mtoto wa jicho, au saratani ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga.

Tatizo gumu ni la jicho moja lenye uoni hafifu bila kupinda. Mtoto halalamiki, kwani hajawahi kuona vingine. Akiwa anacheza, mzibe jicho moja kwa kiganja, kisha la pili. Kama anatulia ukiziba la kushoto lakini analia na kukusukuma ukiziba la kulia, huenda la kulia ndilo pekee analolitegemea. Mpeleke wiki hiyohiyo.